Vita Vinapohamia Nyumbani: Watoto wa Askari katika Riwaya za Makuzi

Riwaya ya makuzi humfuata kijana tangu utotoni hadi anapoingia utu uzima, ikionyesha anachojifunza na anachopoteza njiani. Katika aina hii kuna kundi la vitabu ambavyo mhusika mkuu hajawahi kushika bunduki, ila amelelewa na mtu aliyeishika. Vita vilikwisha zamani, mikataba ikatiwa saini, lakini kijana anavikuta sebuleni: baba asiyelala, kaka asiyezungumza, jina la marehemu ambalo halitajwi mezani. Kukua, kwa kijana wa namna hii, ni kujua kwanza nini kiliwapata wakubwa wake.

Kwa Afrika Mashariki, mfano ulio karibu zaidi ni Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1964. Njoroge ni wa kwanza katika familia yao kupelekwa shule, na ndugu zake wote wanamwekea matumaini. Familia hiyo imepitiwa na vita mara mbili. Baba yake, Ngotho, alichukuliwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Aliporudi alikuta ardhi ya ukoo imo mikononi mwa walowezi, akaishia kuwa kibarua juu ya udongo uleule. Vita Kuu ya Pili ikawachukua wanawe wawili. Mwangi, aliyezaliwa tumbo moja na Njoroge, hakurudi. Boro, wa mama mwingine, alirudi.

Boro hapati kazi, hana shamba, na maneno yake ni ya kuhesabu. Usiku mmoja Ngotho anawasimulia watoto jinsi Muumba alivyowapa Gikuyu na Mumbi nchi ile, na jinsi ilivyoporwa. Njoroge anasikia hadithi ya kale. Boro anasikia kesi dhidi ya mzee wake. Anamwuliza inakuwaje aendelee kumtumikia mtu aliyemnyang'anya ardhi, kisha anatoka nje bila kungoja jibu. Kuanzia hapo heshima ya Ngotho nyumbani inaanza kumomonyoka, na mtoto mdogo anayashuhudia yote bila kuwa na wa kumweleza maana yake.

Hali ya hatari ilitangazwa nchini Kenya Oktoba 1952, na katika riwaya Boro anaingia msituni akiwa na imani moja tu, kisasi. Gharama inalipwa na waliobaki. Ngotho anakiri mauaji ambayo hakuyafanya ili kumkinga mwanawe, anateswa, na anakufa kwa majeraha. Njoroge anatolewa shuleni Siriana, naye anateswa, na masomo yake yanaishia hapo. Anafikia hatua ya kutaka kujiua, na ni mama yake anayetoka kumtafuta na kumrudisha nyumbani.

Ngũgĩ hakuishia kwenye familia moja. Howlands, mlowezi anayemwajiri Ngotho, naye ni askari wa Vita Kuu ya Kwanza aliyekuja Kenya akitafuta mahali pa kusahau, na mwanawe mkubwa, Peter, ameuawa katika Vita Kuu ya Pili. Ngotho na Howlands wamefiwa kwa namna moja, lakini msiba huo hauwaleti karibu. Kila mmoja anaendelea kushikilia ardhi ileile kama dawa ya kidonda chake, na wana wao ndio wanaorithi ugomvi.

Nchini Marekani, vita vya Vietnam viliacha riwaya nyingi za namna hii. Inayojulikana sana ni In Country ya Bobbie Ann Mason, iliyochapishwa mwaka 1985 na kufanywa filamu mwaka 1989. Mhusika mkuu, Sam Hughes, ni msichana wa mji mdogo wa Kentucky ambaye baba yake, Dwayne, aliuawa Vietnam kabla yeye hajazaliwa. Mama yake ameolewa tena na kuhamia mji mwingine. Sam amebaki na mjomba wake, Emmett, aliyerudi hai kutoka vita hivyohivyo.

Emmett hana kazi ya kudumu wala mke. Ana vipele usoni ambavyo Sam anahofia vimetokana na Agent Orange, dawa ya kuua mimea iliyomwagwa na jeshi la Marekani kwenye misitu ya Vietnam. Hobi yake ni kutazama ndege, na siku zote anangoja kumwona yangeyange kama wale aliowaona Vietnam, kitu kimoja kizuri anachokikumbuka kutoka huko. Sam anamtazama mjomba kama muuguzi anavyomtazama mgonjwa, ingawa yeye ndiye mtoto na mwenzake ndiye mtu mzima.

Akitafuta ukweli, Sam anasoma shajara ya baba yake na kukuta kijana anayeandika habari za maiti na kuua bila haya. Anachukizwa, anakimbia, na kulala peke yake kando ya kinamasi ili aonje maisha ya askari. Emmett anamfuata asubuhi, na hapo, kwa mara ya kwanza, anasimulia jinsi alivyonusurika akiwa amejificha chini ya miili ya wenzake, huku akilia. Baadaye wawili hao na bibi yake Sam wanasafiri hadi Washington, kwenye ukuta wa kumbukumbu uliozinduliwa mwaka 1982, wenye majina zaidi ya 58,000. Sam analigusa jina la baba yake, kisha anagundua kwamba miongoni mwa waliokufa yupo mtu mwenye jina kama lake.

Vita vya Iraq na Afghanistan vimeleta vitabu vinavyoandikwa moja kwa moja kwa vijana. Katika The Impossible Knife of Memory ya Laurie Halse Anderson (2014), Hayley amezunguka miaka kadhaa na baba yake, Andy, ndani ya lori analoliendesha. Wanaporudi mjini ili amalize shule, ni binti anayeangalia kama baba amekunywa na kama ameacha kazi nyingine tena. Majukumu yamepinduka: mtoto amekuwa mlezi, na ujana wake umewekwa kando.

Abdulrazak Gurnah, katika Afterlives (2020), anaonyesha kwamba hata asiyekuwepo huacha urithi. Hamza aliwahi kuwa askari wa Wajerumani katika Afrika Mashariki. Mkewe, Afiya, ana kaka aliyekwenda vitani na asirudi, na mtoto wao anapewa jina la huyo aliyepotea, Ilyas. Akiwa mdogo anaanza kusikia sauti, mpaka inabidi apungwe pepo. Akishakuwa mtu mzima anafika Ujerumani na kupekua kumbukumbu, ndipo familia inapojua kwamba mjomba alifia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen.

Vitabu hivi vinne vimetoka nchi na vizazi tofauti, lakini hukumu yake inakaribiana. Kinachomwumiza mtoto zaidi si kidonda cha mzazi, bali kutoelezwa kilikotoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na jamii inayomwona askari aliyerudi kama shujaa au mlevi tu haioni uzito unaobebwa na walio nyumbani kwake. Emmett anaposema, Sam anapata njia ya kuendelea na maisha yake. Boro haelezi vita vilimfanya nini, na anayelipa ni Njoroge. Mwalimu au mzazi anayetafuta kitabu cha kusoma na kijana wa familia ya askari anaweza kuanza na kimojawapo kati ya hivi, kisha baada ya kukifunga ampe nafasi ya kuuliza.