Stima Haipatani na Mwili Uliolowa

Maji yanayopita Wenje, Kaunti ya Tana River, huwa yamekwisha kufanya kazi huko juu. Yamezungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na stima yake huenda ndiyo inayochemsha chai yako mjini. Mto huo huo ukifurika, kama ulivyofurika 1997, 2018, 2023 na 2024, huingia hadi majumbani. Hapo maji na stima hukutana tena, safari hii bila mhandisi.

Stima hufika kwenye soketi zetu kwa volti 240, na kila chombo huchota kulingana na kazi yake. Birika la wati 2,000 huchota ampia 8 hivi. Taa ya wati 10 haifikishi hata sehemu moja ya ishirini ya ampia. Kwa hiyo birika, pasi na hita zikichomekwa pamoja kwenye waya mmoja mwembamba, waya huo hushika moto.

Moyo, kwa upande wake, hauhitaji ampia 8. Miliampia 30 tu, yaani sehemu 30 katika 1,000 za ampia moja, zikipita kifuani zaweza kuvuruga mapigo hata moyo ushindwe kusukuma damu. Ngozi kavu huizuia stima kiasi. Iliyolowa huifungulia njia.

Wengi hudhani fyuzi ya ampia 13 iliyo ndani ya plagi inawalinda. La! Hiyo hulinda waya. Anayekulinda wewe ni waya wa ardhini, ule wa kijani na manjano, pamoja na swichi inayokata stima mara tu inapovuja. Wako mafundi wanaouacha waya huo ukining'inia ili wamalize kazi upesi. Usikubali.

Maji yakiingia nyumbani, usiyakanyage kwenda kuzima swichi kuu. Toka, uarifu kampuni ya stima. Yakishakauka, fundi aliyeidhinishwa akague kwanza. Friji iliyozama yaweza kukupiga ingawa mlango wake ni mkavu.

Mtu akinaswa, usimshike. Zima stima, au msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama pakavu. Ikiwa hapumui, mbonyeze kifua kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika huku mwenzako akiita msaada. Hata akiinuka na kusema amepona, mpelekeni hospitalini, kwani stima huchoma ndani kuliko inavyoonekana nje, na mapigo ya moyo yaweza kuyumba baadaye.