Kimashine cha Kutuliza Maumivu: Kitumie kwa Uangalifu

Tunapotembelea wagonjwa nyumbani siku hizi tunakuta kimashine kidogo cha betri, chenye waya na vibandiko, ambacho mtu hubandika mgongoni au gotini ili apate nafuu. Wataalamu hukiita TENS. Wengine wameletewa na watoto wao walio mjini, wengine wameuziwa na wachuuzi wanaosema eti kinaponya kila kitu, kuanzia presha mpaka kisukari. Hayo si kweli. Basi tukijue vizuri.

Kinafanyaje kazi?

Ukijigonga kidole unakisugua mara moja, na maumivu yanapungua. Mwaka wa 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango, ambapo habari za maumivu hupitia zikienda kwenye ubongo. Mguso ukifika hapo, lango hubanwa. Kimashine hiki hufanya kazi ya ule mkono unaosugua. Hupitisha stima kidogo sana kwenye ngozi mpaka kwenye mishipa ya fahamu, nawe unasikia kama kutekenywa. Wengine hupata nafuu kubwa, wengine kidogo, na wengine hawapati kabisa.

Kumbuka: kinatuliza, hakitibu. Maumivu ni kama mbwa anayebweka usiku. Kumnyamazisha mbwa si kumfukuza mwizi. Mtu mwenye TB ya uti wa mgongo akiendelea kujibandika miezi na miezi bila kupimwa, anaweza kupooza. Kwa hivyo, pimwa kwanza. Na mgongo ukiuma pamoja na homa, jasho la usiku, kukonda, miguu kufa ganzi au kushindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali leo, si kesho.

Nani asikitumie bila ruhusa ya daktari?

(a) Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo kilichowekwa kifuani.
(b) Mwenye kifafa.
(c) Mama mjamzito.
(d) Mwenye saratani.

Tena, mtu yeyote asibandike mbele ya shingo, machoni, kichwani, kifuani, juu ya kidonda, wala mahali palipokufa ganzi kwa sababu ya kisukari au ukoma. Ngozi isiyosikia haiwezi kukuonya kwamba inaungua.

Namna ya kukitumia

1. Osha ngozi, ikauke vizuri. Usipake mafuta.
2. Bandika kimashine kikiwa kimezimwa. Vibandiko visigusane.
3. Kiwashe, uongeze nguvu polepole mpaka usikie mtekenyo wa kutosha usiouma. Kikiuma, punguza.
4. Anza na nusu saa hivi, kisha kizime kabla ya kubandua, uangalie ngozi. Ukiona malengelenge au wekundu usioisha, acha.
5. Usikitumie ukiwa umelala usingizi, ukioga, au ukiendesha gari au pikipiki.
6. Kama ni cha kuchajiwa, usikichaji kikiwa mwilini. Na usikubali fundi yeyote akiunganishe na stima ya ukutani, kwani inaweza kuua.
7. Kila mtu awe na vibandiko vyake. Vikiacha kushika vizuri, nunua vingine.

Usiache dawa ulizopewa hospitalini kwa sababu umepata nafuu. Kama kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali iliyo karibu, mpelekee kimashine chako akuonyeshe pa kubandika.

Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, mkimkuta mzee au mama anakitumia, msimkemee. Mwulizeni kwa upole maswali mawili: "Umepimwa maumivu haya yanatoka wapi?" na "Ni nani alikufundisha kukitumia?" Akikosa jibu la mojawapo, msindikizeni zahanati wiki hiyo hiyo.