Historia Kwenye Kamba ya Katani

Sisi wa Tanga kamba ya katani haitupi taabu kuipata. Niliyoifunga ukumbini ina mita saba na ushei, imepita juu ya kochi, ikakunja kona hadi mlangoni. Inaanzia mwaka 1300, inaishia leo. Kila mita nimepiga fundo: fundo moja ni miaka 100, sentimita moja ni mwaka mmoja. Mtoto wa darasa la tatu anaimudu hesabu hiyo kwa rula yake.

Matukio tunayaandika kwenye vipande vya boksi na kuvining'iniza kwa vibanio vya nguo. Gundi siitaki kabisa. Chati iliyogandishwa ukutani ikishajaa, watoto hawaitazami tena. Kibanio kinawaruhusu kusogeza, kuongeza na kubishana.

Mwanangu mkubwa alisoma habari za Vasco da Gama, kisha za Majimaji, akadhani ni mambo ya jirani. Kwenye kamba, 1498 na 1905 zimeachana mita nne na zaidi. Akauliza, "Mama, hapa katikati watu walikuwa wanafanya nini?" Swali hilo ndilo lililotupa kazi wiki nzima. Ngome ya Yesu kule Mombasa ilianza kujengwa 1593. Waomani wakaiteka 1698. Nyuma kabisa, Ibn Battuta aliitembelea Kilwa mwaka 1331.

Upande wa pili kadi zinabanana. Mapinduzi ya Januari 1964 na Muungano wa Aprili vinagombea sentimita ile ile, basi kimoja kinaning'inia chini ya kingine. Maisha ya mtu tunayakata kwa utepe wa kanga kuukuu. Wa Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani hapa hapa Tanga, una sentimita 53, kuanzia 1909 hadi 1962. Mdogo ndiye aliyegundua kwamba utepe ule umeuvuka uhuru wa 1961 kwa kipande kisichozidi upana wa kidole.

Nyayo za Laetoli zina takriban miaka milioni 3.6. Kwa kipimo chetu zingetaka kamba ya kilomita 36, yaani utoke mjini hapa ukaribie Muheza! Kadi yake tumeitundika nje, kwenye mti, upande wa barabara ya huko.

Kadi ninayoipenda kuliko zote ni ya bibi yao. Mwaka aliozaliwa haujui. "Uhuru ulinikuta nimeshavunja ungo," aliwaambia, wakaibana kati ya 1940 na 1948 kwa vibanio viwili. Baadaye akakumbuka kuwa mama yake alimsimulia jinsi alivyombeba mgongoni, mchanga bado, kwenda kumpokea mjomba aliyerudi kutoka vita vya Burma. Watoto wakauliza, wakasoma, wakakisogeza kibanio kimoja hadi 1945. Cha pili wamekirudisha hadi 1946, na wanasubiri bibi aje tena Idi wamhoji.