Samadi Yako ni Moto wa Jikoni na Mbolea ya Shamba

Ndugu mkulima, samadi iliyo zizini mwako asubuhi ya leo ina mali mbili ndani yake: moto na mbolea. Wengi wetu huku Nyanza hutumia moja tu, na wengine hawatumii hata moja. Samadi hukaushwa na jua, mvua huichukua hadi ziwani, na jioni mama hutumwa kununua makaa.

Mwaka 2022 ulitupa funzo. Vita vilipoanza Ukraine, bei ya mbolea ilipanda duniani kote, na hapa Kenya mfuko wa DAP wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000. Serikali ikalazimika kutoa mbolea ya ruzuku, shilingi 3,500 kwa mfuko mwaka ule, na shilingi 2,500 mwaka 2023. Gesi ya mitungi nayo hutoka ng'ambo, tena kwa meli. Basi ugomvi wa watu walio mbali waweza kupunguza mahindi yako na kuzima jiko lako. Lakini samadi haingoji meli. Kila boma linalojipatia moto na mbolea lapunguza mzigo wa nchi nzima.

JAMBO HILI SI GENI

Mtambo wa kwanza wa gesi ya samadi katika Kenya ulijengwa mwaka 1957 na mkulima wa kahawa, Bwana Tim Hutchinson. Mwaka uliofuata alianza kuwajengea wengine. Yafaa ujue jinsi alivyoisifu kazi yake: alisema faida kubwa ni mbolea, na gesi ni nyongeza. Leo wengi wetu tumegeuza maneno hayo. Tunatazama moto, na mbolea tunaimwaga nyuma ya jiko.

MTAMBO HUFANYA KAZI GANI?

Ufikirie kuwa ni tumbo la ng'ombe lililojengwa ardhini. Unachanganya ndoo moja ya samadi mbichi na ndoo moja ya maji, unakoroga, unaondoa mawe na majani makavu, kisha unamimina. Ndani hamna hewa. Vijidudu hula samadi hiyo na kutoa gesi, ambayo hupanda juu na kupita katika bomba mpaka jikoni. Samadi iliyokwisha kuliwa hutokea upande wa pili, nyepesi kama uji, bila harufu kali. Vijidudu hivyo hupenda joto, na joto la kandokando ya ziwa letu huwafaa kuliko baridi ya milimani.

Sasa tufanye hesabu. Ng'ombe wawili wa gredi wanaolishwa zizini waweza kukupa kilo 24 za samadi kwa siku. Kilo moja hutoa karibu lita 40 za gesi. Mara 24, ni lita 960. Jiko moja la gesi hula kiasi cha lita 350 kwa saa. Basi unapata zaidi ya saa mbili na nusu za kupika, bila moshi machoni mwa mama na watoto. Ng'ombe wa kienyeji anayechungwa mchana kutwa huacha samadi zizini usiku tu, kwa hiyo utahitaji ng'ombe wengi zaidi.

Uji unaotoka usiuache juani, kwa maana sehemu ya nguvu yake hupotea hewani. Uchimbie shimo lenye kivuli. Upeleke kwenye sukuma wiki, migomba, mahindi au nyasi za mabingobingo, kisha ufunike kwa udongo. Hatusemi hutanunua mbolea ya mfuko tena kamwe, lakini mifuko utakayohitaji itapungua. Mabingobingo hayo yatarudi kwa ng'ombe, na ng'ombe atarudisha samadi.

KABLA YA KUJENGA

Mitambo mingi iliyokufa haikufa kwa ubaya wa ujenzi. Ilikufa njaa. Basi jiulize maswali manne.

1. Je, ng'ombe wako hulala zizini, na sakafu yafaa kukusanyia samadi?

2. Je, maji yako karibu? Kwa hesabu yetu utahitaji zaidi ya mtungi mmoja wa lita 20 kila siku, kiangazi na masika.

3. Udongo wako ni wa namna gani? Udongo mweusi wa nchi tambarare ya Kano huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, na waweza kuvunja mtambo wa matofali. Tena mafuriko hujaza mashimo. Huko, uulize habari za mtambo wa mfuko wa plastiki unaowekwa juu ya ardhi iliyoinuliwa.

4. Nani atalisha mtambo ukiwa safarini?

Wanaokaa ufuoni wana msaada mwingine. Huko Dunga, karibu na mji wa Kisumu, magugu maji yanayosumbua wavuvi yametumiwa kutengeneza gesi ya kupikia. Yakatwe vipande vidogo sana na kuchanganywa na samadi.

JIHADHARI

Usitafute mahali panapovuja kwa kiberiti. Tumia povu la sabuni. Usimwage sabuni wala dawa ya kupe ndani ya mtambo, maana vijidudu vitakufa. Wala mtu yeyote asiingie ndani, hata ukionekana mtupu. Hewa ya mle huua.

Usianze kwa kununua saruji. Anza kwa kupima samadi yako kila asubuhi kwa siku saba, na kuandika kilo zake katika daftari. Kisha umpelekee afisa wa kilimo wa wadi yako daftari hilo. Hesabu hiyo ndiyo itakayoonyesha kama mtambo unakufaa, na wa ukubwa gani.