Waliochukua Mizigo ya Everest

Mlima mrefu kuliko yote duniani ni Everest, mpakani mwa Nepali na Tibeti. Urefu wake ni mita 8,849. Sifa za mabwana walioupanda twazisoma mara nyingi. Leo twapenda kunena habari za wale waliowachukulia mizigo.

Wengi wao ni Washerpa, watu wa milimani. Zamani hawakuwa na desturi ya kupanda vilele, kwani waliviheshimu kuwa makao ya miungu. Waingereza walipokuja kuujaribu mlima, ndipo vijana wa Kisherpa walipoajiriwa kuchukua mahema, kamba na vyakula.

Tarehe 7 Juni 1922, Waingereza 3 walikuwa wakipanda pamoja na wapagazi 14, na theluji mpya ilikuwa nyingi. Mara theluji ile ikaporomoka. Waingereza wote wakasalimika. Wapagazi 7 wakafa.

Mmoja wa wale watatu alikuwa Dk. Howard Somervell. Jambo hili lilimchoma moyo, hata akasikitika kwamba hakuna Mwingereza aliyeshiriki mauti yao. Baada ya safari ile alifika Neyyoor, kusini mwa Bara Hindi, akaona hospitali ya misheni imejaa wagonjwa, na mganga wa kupasua ni mmoja tu. Basi akaiacha kazi ya heshima huko London, akawatibu watu wa Bara Hindi miaka mingi.

Tarehe 29 Mei 1953, Tenzing Norgay, aliyeanza kuchukua mizigo ya Everest mwaka 1935, alisimama kileleni pamoja na Edmund Hillary wa New Zealand. Watu walibishana sana ni nani aliyetangulia. Baadaye Tenzing mwenyewe alisema ni Hillary; wala hakuliona kuwa jambo kubwa, maana walifungwa kamba moja.

Hata hivyo hatari haikuisha. Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka, ikawaua Wanepali 16 waliokuwa kazini mlimani. Wenzao wakakataa kupanda, wakadai wajane na yatima watendewe haki.

Enyi walimu na wazazi, watoto wakisoma kwamba Meyer na Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, waulizeni: Nani aliyewachukulia mizigo? Wahenga walisema, Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yatupasa tuwafundishe kuupima mzigo huo kabla ya kumsifu aliyefika juu.