Chombo Kisichopewa Nafasi ya Pili

Je, msomaji, umewahi kusimama kando ya kiwanja cha murram kule Kimana, Kajiado, ukatazama ndege ndogo ya watalii ikishuka? Punda milia wakikatiza njia, rubani huongeza nguvu za injini, akapaa, akazunguka na kujaribu upya.

Sasa mfikirie rubani asiye na bahati hiyo. Vyombo vya Marekani vilivyokwenda anga za juu na kurudi ili vitumike tena, hadi vilipostaafishwa mwaka 2011, vilitua bila nguvu za injini. Ndege ya abiria huteremka kwa mwinamo wa nyuzi 3 hivi. Vyombo hivyo vilianza na nyuzi 20 hivi, vikagusa ardhi kwa kasi ya kilomita 340 hivi kwa saa. Kuzunguka tena? Thubutu!

Ndiyo maana mwaka 1977 chombo cha majaribio, Enterprise, kilibebwa mgongoni mwa Boeing 747 na kuachiliwa juu ya jangwa la California mara 5. Swali lilikuwa moja: je, kinamtii rubani? Kwa swali kama hilo, marubani wa majaribio hutumia kipimo cha Cooper na Harper cha mwaka 1969, chenye daraja 1 hadi 10. Ni kama nafasi darasani: wa 1 ndiye bora; 10 ni chombo kisichotawalika.

Mara 4 Enterprise ilitua kwenye ziwa kavu, tambarare kama Amboseli wakati wa kiangazi. Mara ya 5, Oktoba 26, ililenga njia ya saruji. Kasi ilizidi. Fred Haise, aliyekuwa usukanini, alijitahidi kugusa mahali palipopangwa. Lakini amri zake zilipitia kompyuta, na chombo kikachelewa kidogo kuitikia. Akaongeza nguvu, jibu likaja limepita kiasi. Akarekebisha, kikazidi kuyumba. Kiligusa chini, kikaruka tena, bawa likainama. Alipolegeza mkono, kikatulia, kikatua salama.

Wataalamu hawakuificha dosari hiyo. Waliichunguza kwa ndege ya F-8, wakaandaa programu ya kupunguza makali ya mkono wa rubani. Aprili 14, 1981, Columbia ikarudi kutoka angani na kutua salama.

Hivyo mwanafunzi, jaribio lililokwenda mrama usilionee haya. Heri chombo kiyumbe siku ya mazoezi kuliko siku ya safari.