Umeme Huvunja Mifupa Hata Mtu Asipoanguka

Watu wengi wanajua kwamba umeme huunguza ngozi, tena waweza kusimamisha moyo. Lakini wachache wanajua jambo la tatu: umeme waweza kuvunja mfupa au kutegua bega, hata kama mtu hakuanguka, hata kama hana jeraha lo lote. Kwa kutojua hayo, mtu anarudi nyumbani na bega lililoteguka. Anangoja, anakandwa, na baada ya majuma mengi mkono wake hauwezi tena kuinua jembe. Kwa hiyo tujifunze habari hii.

UMEME HUVUNJAJE MFUPA?

Mungu aliumba misuli ili ivute mifupa. Unapotaka kuinua ndoo ya maji, ubongo unatuma amri kwa njia ya mishipa ya fahamu, na misuli inatii: mingine inakaza, mingine inalegea. Umeme ukiingia mwilini, amri hiyo inavurugika. Misuli inakaza yote pamoja kwa nguvu zake zote, wala hakuna inayolegea. Umeme wa nyumba zetu katika Kongo una volti 220, nao huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, hata misuli haipati nafasi ya kupumzika. Ndiyo sababu mtu aliyeshika waya mara nyingi hawezi kuuachilia: misuli inayofumba vidole ina nguvu kuliko ile inayovifumbua.

Bega huumia hivyo hivyo. Misuli inayogeuza mkono kwa ndani inaishinda ile inayougeuza kwa nje. Kichwa cha mfupa wa mkono kinasukumwa nyuma na kutoka mahali pake, au kinavunjika. Pengine mabega yote mawili huumia mara moja. Pingili za mgongo nazo zaweza kubonyea, na shingo ya mfupa wa paja yaweza kuvunjika, hasa kwa wazee ambao mifupa yao imepungua nguvu.

Waganga waliona jambo hili wazi zamani. Katika mwaka 1938, huko Roma, Ugo Cerletti na Lucio Bini walianza kutibu wagonjwa wa akili kwa kupitisha umeme kichwani, ili kuleta kifafa kifupi. Wagonjwa hao walikuwa wamelala, hawakuanguka po pote. Hata hivyo wengi waliotibiwa namna hii walivunjika pingili za mgongo kwa nguvu ya misuli yao wenyewe. Baadaye waganga walianza kuwapa kwanza dawa ya kulegeza misuli, na kuvunjika huko kukapungua sana.

Kuna njia nyingine mbili. Ya kwanza ni kuanguka: mtu amepanda nguzo, au paa, au mwembe ulio karibu na waya, anapigwa na kutupwa chini. Ya pili ni moto wa ndani. Umeme mkali wa nyaya kubwa hupata shida kupita katika mfupa, kwa hiyo mfupa unapata joto kali, na nyama iliyo karibu nao inaungua. Juu ya ngozi utaona kidonda kidogo tu, lakini ndani hasara ni kubwa.

DALILI ZA KUANGALIA

Tuseme baba mmoja alipigwa na umeme alipokuwa akitengeneza taa. Anasema, “Si kitu, nimechoka tu.” Lakini jioni mama anamletea sahani ya bugali, naye hawezi kunyosha mkono mbele na kugeuza kiganja juu ili aipokee. Anashika mkono wake juu ya tumbo, wala hawezi kuugeuza nje. Mama, usikubali neno la “si kitu”! Huenda bega limeteguka kwa nyuma.

Angalia pia maumivu ya mgongo, miguu yenye ganzi, kushindwa kusimama, na mkojo mweusi kama chai kali. Mkojo wa namna hii unaonyesha kwamba misuli imeharibika ndani, na mafigo yamo hatarini. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali siku ile ile.

TUFANYE NINI?

1. Usimguse mtu ambaye bado ameshikwa na umeme. Zima umeme kwanza. Kama ni waya mkubwa wa barabarani, usikaribie hata kwa kijiti kikavu. Simama mbali, zuia watu, uwaite wenye kazi ya umeme. Tarehe 2 Februari 2022, katika soko la Matadi-Kibala huko Kinshasa, waya mkubwa ulianguka mahali penye maji ya mvua, na watu 26 walikufa, wengi wao akina mama.

2. Umeme ukiisha kuzimwa, tazama kama anapumua. Kama hapumui, bonyeza katikati ya kifua chake kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kila dakika, mpaka msaada ufike.

3. Usimkunje wala kumketisha. Watu wanne wamgeuze pamoja, kichwa na mgongo vikiwa sawa, wamlaze juu ya mlango au ubao.

4. Funga mkono kwa kitenge kama ulivyoukuta. Usiuvute, usiukande, wala usimwite mtu wa kuunga mifupa aurudishe kwa nguvu. Huenda ndani mfupa umevunjika, na kuvuta kutazidi kuuharibu.

5. Usimfukie katika udongo wala kumnywesha maziwa. Umeme haubaki mwilini ili uvutwe na udongo. Mambo hayo yanapoteza saa ambazo zingemponyesha.

6. Mkifika hospitali, semeni wazi: “Amepigwa na umeme.” Msifiche, hata kama alikuwa akiunga waya bila ruhusa. Bega lililotoka kwa nyuma laweza kuonekana kama zima katika picha ya mbele. Munganga akijua habari ya umeme, atataka picha ya upande pia. Bega likirudishwa mapema, mara nyingi linapona vizuri. Likikaa majuma mengi, huenda litahitaji kupasuliwa.

NENO LA MWISHO

Ajali ya umeme ikitokea, watu wanaanza kuuliza: Nani amemloga? Amefanya dhambi gani? Someni Luka 13. Mnara wa Siloamu uliangukia watu kumi na wanane, na Bwana Yesu alikataa wazo kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Kisha someni Luka 10. Yule Msamaria hakumwuliza mtu aliyeumizwa habari za dhambi zake. Alifunga majeraha yake, akamchukua mahali pa kutunzwa, akatoa fedha zake mwenyewe. Fedha tunazozitafuta kwa mtu wa kutaja mlozi zatosha kulipa safari ya hospitali. Ndugu, jirani yako akipigwa na umeme leo, mfunge mkono wake, umchukue.